Mwalimu, Shika Kalamu Nyekundu!

Mwalimu, amka! Ujumbe umeingia kwenye simu yako saa nne usiku, nao unasema tuma amana kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Umeusoma mara tatu. Umemwonyesha mama. Umeanza kupiga hesabu ya ng'ombe.

Usitume!

Usitume Ijumaa, usitume Jumatatu, usitume nusu leo na nusu mwisho wa mwezi. Kaa chini. Nina neno nawe, na salamu ndefu sitazitoa, maana wewe mwenyewe huna muda.

Najua unakotoka. Shahada unayo, nambari ya Tume ya Huduma kwa Walimu unayo, na miaka inakwenda. Labda unalipwa na bodi ya shule, nayo bodi hulipa wazazi wakilipa. Labda uko kwenye mafunzo kazini, sekondari msingi, shilingi 20,000 kabla ya makato. Labda uko Tanzania, unajitolea shule ya kata mwaka wa tatu sasa, ukiambiwa vuta subira. Kisha akatokea mtu, akakutajia dola, akakutajia nyumba ya bure, akakutajia Bangkok. Sikulaumu kwa kutaka kuondoka. Kutaka maisha si dhambi.

Kama ungekuwa hujui kusoma, ningekuhurumia na kunyamaza. Lakini unajua! Miaka yote hiyo umewafundisha watoto wa watu kusoma swali mpaka nukta ya mwisho kabla ya kujibu. Umewakata alama kwa kuruka neno moja. Umewapigia mstari mwekundu, umewarudishia daftari, umewaambia: soma tena. Leo karatasi iko mbele yako wewe, imejaa makosa, na kalamu yako umeifunika kifuniko.

Niliwahi kuketi kwenye benchi la ofisi moja ya mawakala katikati ya Nairobi, ghorofa ya nne, mpwa wangu kando yangu. Ofisi hiyo siitaji; hata hivyo, mwaka uliofuata nilipopita pale palikuwa panauzwa mawigi. Ukutani palikuwa na ramani ya dunia yenye pini nyekundu: Beijing, Seoul, Bangkok, Dubai. Binti wa mapokezi alikuwa na simu mbili, akiongea na moja huku akitabasamu na nyingine. Tuliandikiwa risiti ya mkono. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, iliandikwa kwamba ada ya usajili hairudishwi.

Halafu ukaja mkataba. Kurasa nne. Jina la shule katika ukurasa wa kwanza halikuwa jina la shule katika ukurasa wa tatu. Mshahara ulikuwa wa yuan mwanzoni, ukageuka dola mwishoni. Kiingereza chenyewe, mwalimu, Kiingereza cha hao wanaoajiri walimu wa Kiingereza, kilikuwa cha kumpa mtoto wa darasa la sita alama tatu kwa kumi!

Mpwa wangu alikuwa na digrii ya fasihi. Aliyaona yote. Nilimwona akiyaona. Jicho lake lilifika pale kwenye jina la pili la shule, likasimama, likatulia, kisha likapita kama mtu anayepita deni lake njiani. Akatia sahihi.

Alirudi baada ya miezi saba, usiku, na begi la mkononi tu. Na mimi niliyekuwa kwenye benchi lile nikanyamaza kwa adabu ya kijomba, nimeapa sitanyamaza tena.

Sikiliza basi jinsi biashara hii inavyokwenda, maana hakuna aliyekuambia. Shule ya kweli inayotafuta mwalimu ng'ambo humlipa wakala. Shule ndiyo inayolipa! Humlipa kwa kichwa, mara nyingi mwalimu akishafika, na shule nyingine huzuia sehemu ya ada mpaka mwalimu akae miezi kadhaa bila kutoroka. Ndiyo maana wakala wa kweli anachosha. Anataka vyeti halisi, anataka cheti cha mwenendo mwema, anataka barua za walimu wakuu uliowatumikia, anataka uketi mbele ya kamera uhojiwe na shule yenyewe. Anakupima, kwa sababu ukishindwa naye amekosa chake.

Huyu wako amekupima lini?

Hakukupima. Hakukuhoji. Alikuambia umefaulu kabla hujafungua kinywa! Na kwa nini akuhoji, ilhali amekwisha kuuza? Bidhaa yake ni safari, na mteja ni wewe. Ukifika ukakuta darasa, sawa kwake. Ukifika ukakuta ukuta, sawa kwake vilevile. Pesa yake iliingia kwa M-Pesa kabla hujapakia soksi.

(Na hata huyo wa kweli, usimfanye mjomba. Anamtumikia anayemlipa. Mheshimu, mshukuru, lakini mkataba wake usome kama wa adui.)

Jambo hili liliandikwa zamani. Mkataba nambari 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, katika kifungu cha 7, unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, si moja kwa moja wala kwa kuzunguka. Ndiyo, kifungu hichohicho kinaruhusu nchi kuweka vighairi. Lakini wewe hukutozwa kwa kighairi cha sheria! Umetozwa usajili, ukatozwa faili, ukatozwa kitu walichokiita uharakishaji. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtwika mfanyakazi gharama za kumwajiri. Basi aliyekuambia Dubai wanataka mwalimu alipie viza yake ya kazi amekudanganya mchana kweupe, na ulijua, maana ulimuuliza mara mbili, na mara ya pili alikasirika.

Sasa fungua pasipoti. Ifungue! Tazama viza iliyobandikwa pale, usome herufi moja tu.

Unakwenda China kufundisha? Viza ya kazi ya China ni herufi Z. Si L, ambayo ni ya mtalii. Si M, ambayo ni ya mfanyabiashara. Si X, ambayo ni ya mwanafunzi. Na hiyo Z haitoki mpaka mwajiri kule akuombee kwanza taarifa ya kibali cha kazi, na ukishaingia una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Wakala anakuambia nini? Ingia na M, tutabadilisha ukifika. Ingia na L, wote wanafanya hivyo. Ingia tu, mengine baadaye!

Baadaye ipi? Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Ni wewe utakayelala kizuizini. Polisi wakigonga mlango wa darasa, wakala yuko Nairobi anakunywa chai.

Tena kuna neno jingine, nalo nalisema kwa uchungu. Kwa utaratibu wa kawaida, China huwapa ualimu wa Kiingereza raia wa nchi saba inazozihesabu kuwa wenye lugha: Marekani, Uingereza, Canada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Korea Kusini inashika orodha hiyohiyo kwa viza yake ya E-2. Kenya haimo. Tanzania haimo. Uganda haimo. Ni dharau? Ni dharau! Mtu aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu utotoni, aliyekifanyia mtihani, aliyekifundisha kwa wengine, anaambiwa lugha si yake kwa sababu ya jalada la pasipoti. Nakasirika pamoja nawe. Lakini hasira yetu haimfungulii mtu mlango wa uhamiaji.

Na wakala anajua orodha hiyo. Anaijua kuliko wewe. Ndiyo maana siku moja, kwa sauti ya chini, alikuambia: wazazi wa watoto wakiuliza, sema umetoka Afrika Kusini.

Ulicheka. Ewe mwalimu, ulicheka! Uliyewafukuza watoto chumba cha mtihani kwa kunakili, leo unakubali kunakili nchi nzima! Utaificha wapi pasipoti yenye simba wawili na ngao? Utamjibu nini mtoto wa miaka sita atakayekuuliza bahari ya Cape Town ina rangi gani? Kazi inayoanza kwa kumkana mama yako itakuomba nini mwezi wa pili?

Wapo Waafrika wanaofundisha Asia kwa halali, kwa heshima, kwa mshahara unaofika. Sikufungii njia. Thailand inawaruhusu, wakiwa na shahada, wakiwa na ushahidi wa kiwango chao cha lugha, wakiwa na viza ya kazi ya daraja la B, wakiwa na kibali cha Wizara ya Kazi, na shule ikiwaombea ruhusa kwa Baraza la Walimu la Thailand, liitwalo Khurusapha. Njia ipo, na ina foleni. Wakala wako amekupa njia isiyo na foleni. Jiulize kwa nini haina watu.

Nije sasa kwenye mto ulio mwisho wa njia hiyo.

Ukitua Bangkok ukapokelewa na dereva asiyejua jina la shule, uliza gari linaelekea wapi. Kama linakwenda kaskazini-magharibi, mwendo wa takriban kilomita 500, mpaka mji wa Mae Sot, hakuna shule mbele yako! Kuna mto uitwao Moei. Ni mwembamba, kiangazi kuna mahali watu huuvuka kwa miguu. Ng'ambo yake ni Myawaddy, nchini Myanmar, na huko kuna majengo yenye kuta ndefu, nyaya za miba na walinzi wenye bunduki. Eneo moja la majengo hayo dunia nzima imelisikia: KK Park.

Unajua wanachotaka kwako humo? Wanataka Kiingereza chako! Hapo tu ndipo wakala alisema kweli. Watakuketisha mbele ya kompyuta, watakupa picha ya mwanamke mrembo au tajiri mpweke, nawe utamwandikia mjane wa Marekani maneno ya mapenzi kwa sarufi safi, wiki baada ya wiki, mpaka atoe akiba yake aiweke kwenye uwekezaji wa sarafu za mtandaoni usiokuwepo. Usipofikisha lengo, unapigwa. Ukikataa, unanyimwa chakula. Ukitaka kuondoka, nyumbani wanatumiwa bei yako.

Sikutungii hadithi ya kukutisha. Serikali ya Kenya imekuwa ikitoa maonyo kuhusu kazi za Thailand zinazoishia Myanmar tangu mwaka 2022. Februari 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti iliyokuwa ikivuka mto kwenda kule, na wiki zilizofuata watu wapatao 7,000 wakatolewa katika majengo hayo, Wakenya wakiwamo. Watu wenye elimu. Watu wenye vyeti. Watu waliosema, kama unavyosema usiku huu, mimi si mjinga wa kudanganywa.

Unasema: fulani alikwenda na ofisi hiyohiyo, yuko salama, anaweka picha. Umempigia simu ya video akakuonyesha darasa? Au umeona picha tu, mgahawa, daraja, miwani ya jua? Mtu aliyeuza shamba la baba hawezi kuweka picha ya kilio.

Unasema: watanicheka. Kijiji kilichanga, padri aliombea, shangazi alinunua sanduku. Wacha wakucheke! Kicheko cha kijiji huisha mavuno yakifika. Wao hao waliochanga harambee ya kukusafirisha, unataka wachange na ya kukukomboa?

Unasema: nimeshalipa nusu. Hapa ndipo wengi wanapozama. Mkumbuke Yona! Aliambiwa aende Ninawi, akajua, akageuza uso. Akashuka Yafa, akakuta merikebu, akatoa nauli. Nauli alilipa kwa mfuko wake, mwalimu! Alijinunulia dhoruba, kisha akateremka chini akalala fofofo. Na mabaharia walipoona chombo kinataka kuvunjika walifanya nini? Hawakusema shehena tumeilipia. Waliitupa baharini!

Itupe hiyo nusu. Itupe! Ilipotea siku uliyoituma, na nusu ya pili haitaifufua. Shilingi iliyobaki mfukoni mwako ni yako, pasipoti iliyoko kabatini ni yako, mwili ulioketi hapo kwenye kiti ni wako bado.

Na wewe mwingine, uliyefungua karatasi hii ukidhani haikuhusu! Wewe unayemleta mwenzako kwa wakala, ukipata elfu chache kwa kila kichwa. Wewe wa kwaya, wa chama, wa kundi la waliosoma pamoja. Unasema mimi naunganisha tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa watu haichezi na maneno: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili, na kurudia kosa ni kifungo cha maisha. Lakini sheria niiache. Umepokea ujumbe kutoka kwa yule uliyemsindikiza uwanjani mwaka jana, ule ujumbe wa maneno mawili uliotumwa saa tisa usiku, na hujaujibu. Ujibu! Rudisha ulichopokea, wape ndugu zake jina la wakala, nenda nao polisi ukaandikishe taarifa. Leo, kabla hujamleta wa pili.

Narudi kwako, mwalimu. Usiku haujaisha. Itafute shule kwa jina lake, nambari yake uitafute mwenyewe, usiipokee kwa wakala, upige uulize kama wanakujua. Asubuhi tazama orodha ya mawakala walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya. Aliye Tanzania aende TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Ujue tu kwamba leseni inaidhinisha ofisi, haiidhinishi kila kazi inayotangazwa humo. Omba jina la mwalimu aliyeko kwenye shule hiyo sasa, na la mwingine aliyeondoka. Aliyeondoka ndiye atakayekuambia. Na pasipoti usimpe mtu akuwekee, awe wakala, awe dereva, awe mkuu wa shule.

Lakini hayo yote yanaweza kusubiri jua. Kuna moja lisilosubiri.

Chukua simu. Fungua ule ujumbe wa amana. Usimtukane, usimwombe, usimweleze shida za nyumbani. Mwandikie maneno haya tu: Shule inakulipa kiasi gani kunipeleka, na viza yangu ni ya herufi gani?

Tuma.

Sasa iweke simu mezani, uangalie. Alama mbili zitageuka buluu. Ataanza kuandika, ataacha, ataanza tena. Chukua kalamu nyekundu, uifungue kifuniko, umngoje.